Ishirini na Saba, Toa Saba

Waliniita Toledo, Ohio,
wiki ya theluji chafu, ile iliyokwisha kukanyagwa.
Niliposhuka kwenye chumba cha chini
Jolanta Wolnik alikuwa amezipanga karatasi za marehemu baba yake
juu ya meza ya kupigia pasi,
na binamu yake Dewey amesimama mlangoni,
mikono mfukoni, kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Hesabu mwenyewe."
Nikahesabu. Karatasi ishirini,
ngumu, pana kuliko kifua changu,
wino uliokolea, na juu ya makosa
rangi nyeupe imeganda kama chokaa.
"Sasa soma namba ya mwisho."
Pembeni, chini: ishirini na saba.

Saba hazipo. Na funguo za nyumba hii,
tangu mzee alazwe, alikuwa nazo nani?

Dewey hakujibu. Alitazama boila.

Nikavaa glavu. Mkate wangu unatoka humu,
katika kujua kwamba ukurasa uliochorwa kwa mkono
una majina mawili.
Juu, kwa penseli ya buluu isiyoonwa na kamera,
mchoraji huandika hesabu ya hadithi:
moja, mbili, tatu, mpaka mkasa uishe.
Chini, kwa kijikaratasi cha kubandika,
mchapishaji huandika hesabu ya kitabu,
naye mchapishaji huhesabu kila anachouza,
hata baiskeli.

Wa tano unautafuta? Wa tano ni mbegu za maua,
watoto wazitembeze mlango kwa mlango wapate zawadi.
Wa nane na wa tisa, askari mia wa plastiki
ndani ya sanduku la kadibodi.
Wa kumi na nne, miwani ya kuonea mifupa ya jirani.
Wa kumi na saba, misuli kwa siku tisa
au urudishiwe pesa yako.
Ishirini na mbili, ishirini na tatu: sijui,
labda peremende, labda barua za wasomaji.
Hakuna aliyeziiba. Hazikuwahi kulala humu.

Nikamwonyesha ule ambao mchomeaji vyuma
anavua barakoa mbele ya mkewe.
Juu, kumi na tatu. Chini, kumi na nane.
"Sasa ni wa ngapi?"
Ukiuuza, sema wa kumi na tatu.
Ukimwonyesha mtu kitabuni, sema wa kumi na nane.
Usiposema unahesabu kwa ipi, mtagombana.
Mimi niliwahi kulipia uso kwa simu,
mshahara wa miezi miwili,
posta ikaniletea mlango uliofungwa.
Mlango mzuri, lakini mlango.

Jolanta akakaa juu ya ndoo ya rangi.
Akaanza tena kuhesabu, midomo ikicheza,
ishirini na saba, toa saba,
kama mtoto asiyemwamini mwalimu.
Kisha akasema, bila kugeuka,
"Dewey, kahawa ipo juu."
Hilo ndilo neno lililopatikana.
Dewey akapanda ngazi bila haraka.

Ukabaki mmoja usio na jina lolote.
Pembe ya juu mtu aliikata kwa mkasi zamani,
na chini gundi ilikauka, kijikaratasi kikadondoka,
limebaki doa la njano, mraba, ukubwa wa ukucha.
Nikauweka kwa kufuata mkono wa shati la mchomeaji:
karatasi inayoutangulia, mzima;
inayoufuata, umechanika;
hapa ndipo msumari unapoushika.

"Uandike basi," Jolanta akasema, akinipa kalamu.
Nikaikataa. Kwenye karatasi hatuandiki.
Tunaandika kwenye mfuko wa plastiki,
kwa penseli laini,
ili siku nikigundulika nimekosea
mtu afute kwa kidole.

Juu yetu kabati likafunguliwa.
Kikombe kimoja kikagusa meza.
Tukanyamaza wote wawili,
tukisubiri cha pili.