Kijiko cha Kwanza

Ndanda, soko la Jumamosi.
Nakoroga uji wa karanga mbele ya Mama Nangonga,
yeye ambaye zamani alibeba kilo mbili
bila kutazama mizani, pesa mwisho wa mwezi.

Leo anasema: Onja wewe kwanza.

Naonja.
Anatazama koo langu likimeza.

Si mimi niliyeanika karanga kwenye udongo mbichi.
Si mimi niliyebandika nembo ya ubora
kwenye mifuko isiyopimwa.
Lakini niliuza. Mkono uliopokea noti ni huu,
na watoto wawili wa Mwena
walilazwa, macho ya manjano kama binzari.

Mkaguzi alichoma magunia kumi na saba
nyuma ya ghala.
Moshi ukanukia vizuri,
karanga za kukaanga tu, mate yakanijaa.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama Nangonga anafungua fundo la khanga, anahesabu.
Ameridhika kwa kuwa bado nimesimama.
Sijamwambia neno la mkaguzi:
sumu ya kuvu haina ladha,
ulimi hauijui.

Nampimia. Naongeza konzi moja, kama zamani.

Anaichota ile nyongeza,
anairudisha mezani.