Daftari la Jumatano

Kila Jumatano, saa tatu usiku, nilifunika cherehani,
nikachomeka flashi ya Hoza kwenye redio
na kusikiliza albamu mpya, mwanzo hadi mwisho,
bila kuruka.
Ndilo sharti nililojiwekea Januari
hapa Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani.

Ya kwanza nilisinzia.
Ya sita niliandika: *Ngoma tele, maneno haba.*
Ya kumi na tisa, mwanamke wa mbali, lugha siijui,
nikajikuta nimeshika pindo la gauni la Bi Mwantumu
na sindano haijapita hata mara moja.

Ya ishirini na tatu, umeme ulikatika wimbo wa nne.
Hoza keshaifuta.
Wa tano, basi, nimeutunga mwenyewe kichwani,
na naogopa siku nitakayousikia wenyewe.

Zipo nilizozitukana kwa wino mwekundu.
Agosti nikazirudia:
zilibadilika zenyewe, au mie?

Wiki moja Hoza alikwenda Muheza kuvuna machungwa,
hakuna flashi. Nikakaa vilevile, redio kimya.
Bomba la jirani likidondoka.
Baiskeli ya muuza mikate, mnyororo umelegea,
ikaja, ikapita, ikakata kona.
Nayo nikaiandika: *Haina jina. Irudiwe.*

Jana mteja kaliona daftari.
“Mwaka mzima, fundi! Umepata nini?”
Nikamwambia asimame wima, nimpime mabega.
Chini ya meza, mguu wangu
ulikuwa umeshaanza.