Sasa, Odanga

Kwao Denmaki hawamjui. Niliandika barua,
wakanijibu kwa adabu: jina hilo halimo.
Basi nimtie mimi humu.

Thorvald Ebbesgaard, mpiga kinanda na mtunzi,
miguu mirefu, viatu vyembamba kama vya mwari
(kanyagio za kinanda hazitaki kiatu cha shamba),
alishuka stesheni ya Nairobi na sanduku moja la nguo
na mawili ya karatasi.
Kanisa la mawe kule Ngara lilimlipa kidogo.
Siku za juma alifundisha skeli watoto wa matajiri
waliomtazama kama kipindi cha hesabu.

Baba alikuwa karani wa reli, akikaa Landimawe.
Jumapili alimfunulia kurasa.
Noti hakuijua hata moja. Utitiri wa kuku, aliziita.
Ila pua ya Mdenmaki aliijua:
pumzi ikipanda na kamluzi, mstari unakaribia ukingo;
ikikatika,
funua.

Julai moja mbao zilivimba kwa baridi,
kibao kimoja kikang'ang'ania chini, kikalia chenyewe
Baba Yetu nzima.
Naye hakukibandua. Akatunga papo hapo juu ya ule mlio
kana kwamba ndio aliokuwa akiungoja tangu kwao.
Waumini wakadhani ni sehemu ya ibada.
Baba peke yake aliona masikio yake yalivyoiva.

Kipande hicho ninacho, kwenye mkebe wa biskuti,
pamoja na risiti za kodi na jino langu la kwanza.
Pembeni, kwa penseli, Kiswahili cha kuokoteza:
SASA ODANGA.
ODANGA BADO.
SASA.
Ukurasa wa nne: POLE, NIMEKOSA MIMI.

Alikufa kwa kichomi, chumba cha kupanga Pangani,
deni la mkaa, deni la maziwa.
Kinanda kililiwa na mchwa, kikabaki meno.
Baba alilipa la maziwa.

Mimi pia sisomi noti.
Nasoma pembeni tu, umeme ukikatika, kwa mshumaa,
nafunua alipoagiza kufunuliwa.
Lakini kurasa za mwisho, saba nzima,
pembeni ni peupe. Hakuna sasa, hakuna bado.
Nikifika hapo kidole kinasita,
nategea sikio
kama kuna mtu anavuta pumzi.