Buli la Bi Mwache

Dokta Liang alipomaliza miaka yake Mkoani
aliniachia kopo la majani, limepungua robo.
Buli lake akalifunga ndani ya soksi za sufu
ambazo Pemba hazikuwahi kupata mguu,
akaondoka nalo mkononi kama aliyebeba yai.

Zamu za usiku, wodi ya wazazi,
alinimiminia vikombe vya ukubwa wa ndimu:
chai isiyo sukari, isiyo hiliki, isiyo haya.
Siku ya kwanza nilidhani dawa.
Siku ya arubaini niliiulizia.

Sasa naichemshia sufuriani,
na sufuria yangu haisahau.
Inaniletea vitunguu vya juzi.
Inaniletea changu wa Ijumaa.

Nikaenda Chake kutafuta buli.
Kwa Hamdu Shaame yapo ya bati, yapo ya kioo,
zipo chupa za chai zenye mawaridi ubavuni,
na moja la udongo, rafu ya juu, limewekwa ndani kama mwali.
"Laki na ishirini, Nesi. Hilo limepanda ndege."
"Pensheni yangu, Hamdu, huja na gari la ng'ombe."

Akanitolea la elfu nane. Jekundu, limenyooka.
Nyumbani nikalitia maji ya moto
likatoka jasho la rangi.
Wekundu wote ukahamia kitambaa cha meza,
chini yake plasta, nyeupe kama uongo ulioshikwa.
Rahisi huvunja upishi,
nimewaambia mabinti wangapi neno hilo!
Ila ghali nayo huvunja mpishi.

Basi nikamfuata Bi Mwache, Mtambile,
mfinyanzi wa vyungu na vyetezo.
"Mdomo?" akasema.
"Chungu kikiwa na mdomo kitatoa siri za jikoni."
Nikamchorea mchangani kwa kijiti:
tumbo, mkono, mdomo, na nyuma ya mdomo
vitundu saba vya kuzuia majani.
"Saba, kama siku za akika?"
"Saba, kwa sababu nilivihesabu."

La kwanza lilidondosha kamasi kama mtoto wa chuoni.
La pili lilipasuka motoni. Tulilisikia
katikati ya mazungumzo ya bei ya karafuu.
Bi Mwache hakugeuka.
"Lilikuwa na pumzi ndani," akasema, akanyamaza.
Mimi mkunga. Kimya cha namna ile nakijua.

La tatu alilianika kivulini siku tisa,
akalichoma kwa makumbi.
Likatoka na doa jeusi ubavuni,
limeegemea kushoto kama msikilizaji wa redio.
Mkono wake unaingia vidole viwili, si vitatu.

Dokta alinifunza: jaza maji, mimina,
kisha ziba kwa kidole kitundu cha kifuniko.
Maji yakikatika, buli lina adabu.
Nikaziba.
Maji yakaendelea kidogo,
kama mtu anayemalizia neno,
ndipo yakakoma.

"Bei?"
"Elfu nne. Bei ya chungu."
"Na mdomo?"
"Mdomo nimejifunzia kwako, nitakuuziaje?"

Tukatia majani papo hapo.
Chai ilikuwa moshi, ilikuwa udongo wa bondeni,
na mbali, kama sauti ya chumba cha pili,
ilikuwa ile yenyewe.
Bi Mwache akaonja, akatemea mgombani.
"Nani mgonjwa?"
Akakiinua tena kikombe.

Sabuni halipati. Kila alfajiri
udongo unakunywa kwanza, mimi nakunywa kilichobaki.
Wiki ya tatu sasa, moshi unaanza kuniachia nafasi.
Kopo limebaki vidole viwili,
na buli ndo kwanza linajifunza.

Jana Bi Mwache kanitumia mjukuu wake.
Kafinyanga mengine manne, yote vitundu saba,
anauliza hospitali imebaki na Wachina wangapi.