Daftari la Mafuta

Lina jalada la bluu, kona zimeliwa,
kalamu imefungwa kwa uzi.
Kombo ndiye aliyelianza, mwezi tuliponunua Korola
kwa Orest, gereji ya Mtaa wa Ishirini na Mbili, Saskatoon:
tarehe, lita, kilomita, na pembeni
hesabu ya lita kwa kila kilomita mia.
Saba nukta tisa. Akaipigia mstari chini
kama mtoto aliyefaulu.

Alikuwa fundi rangi. Ngazi zake mbili zilipanda paani
juu ya vyuma alivyofunga mwenyewe, bolti nane,
na wiki hiyohiyo akaandika bila kulalamika:
nane nukta sita. Upepo unatoza ushuru.

Kisha mwanangu Hemedi akaja na mapambo:
matairi mapana kama mikate ya kumimina,
bawa nyuma ya buti,
bomba la moshi lenye sauti ya mzee aliyepaliwa.
Akaapa injini sasa itapumua.
Kombo hakubishana. Alijaza tangi, akaendesha,
akamfunulia mwana ukurasa: tisa nukta nne.
Ni baridi, Hemedi akasema. Na kweli ilikuwa baridi,
hasi thelathini na moja, petroli yenyewe inatamani blanketi.
Lakini baridi haina risiti. Bawa lilikuwa nayo.

Mwandiko unabadilika katikati ya Machi,
baada ya mistari mitatu mitupu.

Kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu,
nyumba sita kwa siku, pande zote mbili za mto.
Kampuni inalipa kwa kilomita, si kwa lita;
kinachomwagika ni changu.
Kwa hiyo nimejifunza. Usiku nachomeka waya wa injini ukutani,
alfajiri inaamka kama mtu aliyelala na chupa ya maji moto miguuni.
Plagi nne nilibadilisha mwenyewe, vidole vimekufa ganzi.
Matairi ya Hemedi nilimuuzia kijana wa Rosetown,
na haya membamba nayapima kila Ijumaa,
maana Januari huiba pauni sita bila kuvunja mlango.
Upepo, neno moja tu:
wa paani unatoza, wa ndani ya tairi unatoroka.

Juni, Orest akafungua chujio la hewa,
akavuta nje manyoya ya mipopla,
yaleyale yaliyojaa mitaani, meupe, mepesi,
nikacheka, naye akadhani namcheka yeye.
Kwetu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Hili hapa kanda.
Injini imelibeba mwaka mzima, inahema.

Akanyoosha kidole juu. Na vile vyuma? Huna ngazi.
Nikasema, najua.

Miaka miwili nimeendesha vyuma vitupu kichwani.
Nikifika themanini vinapiga mluzi, noti moja.
Siwezi kusema ni wake,
Kombo hakujua kupiga mluzi, meno ya mbele yalipishana.
Ila ulikuwa mluzi wa mtu anayekwenda kazini.

Jumapili nikachukua spana namba kumi na tatu.
Bolti saba zilitii.
Ya nane ilishikwa na kutu. Nikaimwagia oili,
nikaigonga, nikaitukana kwa Kipemba
mpaka jirani akafunga dirisha.
Hemedi akaja na msumeno wa umeme, hakusema neno,
cheche zikaangukia nyasi.
Paani yamebaki madoa manane yenye rangi ya zamani.

Tangi lililofuata: saba nukta nane.
Nikarudia hesabu. Saba nukta nane.
Nimempita kwa nukta moja.
Nilikaa pale kituoni, daftari mapajani,
hadi mtu wa nyuma akapiga honi.
Sikupiga mstari chini.

Gari ni kimya sasa kwenye barabara ya mzunguko.
Nasikia saa yangu ya mkononi. Nasikia ndoo ya kazi
ikiteleza buti zima kila nikikata kona.
Dola tatu na senti kumi kwa wiki, nimeziokoa,
nazitia kwenye kopo lake la rangi,
na bado sijui nizinunulie nini.