Sinia la Sita

Naulizwa kama kazi yangu ni kunusa vyoo vya watu.
Ndiyo. Jumanne nilianzia cha Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
na kalamu mbili, vikopo ishirini vya mfuniko mwekundu,
na karatasi ya mistari: jina, umri, saa ya kula,
saa tumbo lilipoanza.

Bombo walikuwa wamelazwa kumi na tisa.
Wote walitoka arobaini ya Mzee Chambo, Jumapili, adhuhuri.

Mtaa ulikuwa umeshahukumu.
Wengine: Mwavita kapika pilau na kinyongo,
hakumaliziwa ujira wa arusi ya mwaka juzi.
Wengine: marehemu mwenyewe hajaridhika na mgawo wa minazi.
Niliandika yote pembeni, kwa penseli,
kwa kuwa penseli hufutika.

Halafu swali linaloinamisha watu wazima:
Mara ngapi tangu alfajiri? Kuna damu? Kuna ute?
Bi Mwanakombo, aliyenifundisha alifu kwa kijiti,
alinionyesha vidole: vitano, tena vitano, kisha viwili,
uso kaugeuzia ukutani.
Nikamwekea kikopo chini ya kitanda, taratibu, kama amana.

Wa kwanza aliugua usiku uleule wa manane.
Wengi, siku ya pili yake.
Basi si sumu. Sumu haina subira hiyo.
Huyu ni mdudu aliyeingia, akakaa, akazaana kwanza.
Mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo;
huyu kaja Jumapili, kuondoka hana habari.

Pilau ilinishinda.
Wagonjwa walikula pilau. Wazima walikula pilau.
Nani asiyekula pilau arobaini?

Ndipo nikafika sinia la sita: watu sita, chakula kimoja.
Watano wako Bombo.
Wa sita anashona viatu barazani, anapiga mluzi.
Mbaruku, wewe ulikula nini?
Mie? Kila kitu. Ila kitunguu kibichi sili, tangu utoto.
Wenzangu waliivuta kachumbari yote upande wao, wakanicheka.

Nikafunga daftari. Nikalifungua tena.
Kibwana, miaka minne, mtoto wa jirani, hakwenda hitimani;
aliletewa kachumbari kwenye mfuko wa nailoni
na kipande cha mkate.
Kitanda cha tatu, karibu na dirisha.

Jikoni sufuria zilikwisha kusuguliwa, zinang'aa.
Kibao tu kimeegemea mtungi,
mti wa mfenesi, katikati kina mfereji
uliochimbwa na kisu miaka na miaka.
Usiku walikatwa kuku hapo. Kikasuuzwa kwa kata moja ya maji.
Asubuhi, nyanya.
Kuku aliingia chunguni, akaiva, akatakasika.
Nyanya haikuuona moto.
Nikapitisha pamba ndani ya ule mfereji.

Singano wa maabara hasemi neno kabla ya wakati.
Alhamisi alifungua kabati la joto,
akanyanyua bamba kwenye mwanga:
vidoa vyenye kitovu cheusi, kama macho ya dagaa.
Akachota kimoja, akakichanganya na tone la dawa juu ya kioo,
akakiyumbisha;
yakatokea mabonge, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu.
Salmonela, akasema.
Wa Bi Mwanakombo na wa kibao, ndugu wa tumbo moja.

Kuna jambo sikuliandika.
Kachumbari aliikata Mwanamkuu, binti wa marehemu.
Hakulala usiku ule. Hakutaka kila kitu cha babake
kiguswe na mikono ya kulipwa.
Alinizuia mlangoni: Ni mie?
Nikamwambia: ni kibao.

Fomu ina safu ya chanzo, nikaijaza.
Safu ya mkosaji haina, nami sikuchora.
Mwavita alipita na ndoo yake kichwani,
hakuna aliyemwomba radhi, hakuna aliyemwangalia.
Jioni nikachukua kifutio, nikafuta maneno ya pembeni.
Yakafutika.
Karatasi ikabaki na mifereji.