Chumvi ya Siberia

Mwaka ule theluji ilichelewa Inari.
Oktoba ikaisha, ardhi bado uchi,
majani ya mibetula yanaoza njiani,
na wageni wa filamu, watu thelathini na wawili,
wamekaa hotelini wakihesabu hasara.

Ndipo lilipokuja lori la chumvi.
Tani nane. Wakaimwaga kilimani,
wakaisawazisha kwa reki kama watu wanaotandika kitanda cha mkwe,
na mwongozaji, Bwana Verhaeghe, akarudi nyuma hatua kumi,
akafumba jicho moja, akasema: "Siberia."

Sisi tulileta kulungu wa Aktiki, mia na arobaini.
Baba alikuwa ameambiwa: wapite tu,
kutoka kushoto kwenda kulia,
polepole, kwa huzuni.
Nani amewahi kumfundisha kulungu huzuni?
Walipoifikia ile theluji wakanusa,
mmoja akalamba,
na huo ukawa mwisho wa Siberia.
Waliilamba hadi jioni. Kilima kikatoka mabaka
kama ukuta uliobambuka chokaa.
Mbwa wetu Muste alibweka mpaka sauti ikamkauka;
kulungu mwenye chumvi ulimini hana bwana.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi hatukuwa wagonjwa. Ila walilipa vizuri,
na mjomba Jovnna akanunua injini mpya.

Januari wakarudi. Sasa theluji ilikuwepo,
ya kwetu, yenye majina yake:
ile inayombeba mtu, ile inayomdanganya,
ile iliyoganda chini kabisa ikafungia malisho
hata kwato zikwaruze bure.
Mwongozaji akaitazama kwenye kioo chake kidogo.
"Haifanani na theluji," akasema.
Tena akauliza mbona tumeleta wanyama wengine,
wale wa mwanzo walikuwa na macho ya dhahabu.
Nikamwambia ni wale wale.
Kina cha jicho la kulungu hubadilika na msimu:
kiangazi dhahabu, giza likiingia buluu,
lipate kukusanya mwanga
hata siku mwanga umebaki kijiko kimoja.
Akacheka. Akaandika jina langu daftarini,
akalikosea.

Kisha yule wa sauti, kijana mwembamba aitwaye Tibor,
akavua visikizi vyake. Kuna kasoro, akasema.
Akabadilisha waya. Akabadilisha betri.
Bado: tik. Tik. Tik-tik.
Kama mtu anayevunja njiti za kiberiti gizani.
Nikamvuta mkono, tukapiga magoti,
nikamwonyesha mguu: kano inateleza juu ya mfupa,
kila hatua na tik yake.
Baba husema dhoruba ikiifunika dunia
na jicho lisifae kitu,
kundi husikilizana miguu.

Tibor alibaki pale pale mpaka nyusi zikamwota barafu.
Alirekodi dakika arobaini.
"Hii," aliniambia, "hii nitaipigania."

Alishindwa.

Filamu ililetwa kwetu majira ya kupukutika majani.
Ukumbi ulijaa, watoto mapajani.
Mto mkuu wa Siberia ni kijito cha nyuma ya shule,
bibi kizee wa Siberia ni Elle wa posta,
analia vizuri kuliko alivyolia msibani kwa mumewe.
Tulicheka hadi kukohoa.

Kisha wakapita kulungu,
kutoka kushoto kwenda kulia,
juu ya chumvi, kwa huzuni,
na fidla.
Fidla tu. Miguu mia tano na sitini
bila neno.

Kicheko kikakatika. Sikumwona Baba uso,
niliona kofia yake tu, imeinama.

Halafu, safu ya nyuma, Jovnna akaalisha kidole:
tik.
Ukawa mwaliko.
Mwingine mbele: tik.
Kwenye ngazi: tik-tik.
Elle mwenye baridi yabisi akatoa yote kumi mfululizo,
na sisi wote, gizani, vitini mwetu,
tukatembea.